Mabinti Wawili wa Sultani: Vazi, Picha na Ubatizo

Kuanzia tarehe 18 Juni hadi tarehe 22 Septemba 2019, Makumbusho ya Thyssen-Bornemisza mjini Madrid, Hispania, yalifanya maonyesho ya namna isiyo ya kawaida. Katika kumbi ambamo watu huingia kutazama picha za wachoraji wa kale, ziliwekwa nguo. Zilikuwa magauni, makoti na mavazi ya arusi yaliyoshonwa na Cristóbal Balenciaga, fundi aliyezaliwa mwaka 1895 katika mji mdogo wa wavuvi wa Getaria na kufariki mwaka 1972. Nguo hizo zilikuwa tisini, na kando yake zilitundikwa picha zaidi ya hamsini za El Greco, Zurbarán, Goya na wengineo. Mtazamaji aligeuza macho kutoka kitambaa hadi rangi na kurudi tena, aone jinsi ushonaji wa kitajiri wa Paris ulivyokuwa umechota katika makanisa, konventi na majumba ya wafalme wa Hispania. Joho jekundu la Kardinali katika picha ya Goya lilikutanishwa na vazi jekundu la jioni la mwanamke. Weusi uliopendwa katika baraza la Mfalme Philip wa Pili ulikutanishwa na weusi wa magauni ya karne ya 20.

Balenciaga hakuyapata hayo vitabuni. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na miongoni mwa wateja wake alikuwamo mke wa mwungwana mmoja, Marquesa de Casa Torres, aliyekuwa na picha nyingi za thamani nyumbani kwake. Mtoto wa fundi alipoingia katika nyumba ile alikutana na nguo za bibi mkubwa na picha za mabwana wakubwa kwa wakati mmoja. Baadaye alifungua duka lake San Sebastián, kisha Paris mwaka 1937, na hakulifunga hadi mwaka 1968.

Msomaji wa jarida hili anaweza kuuliza habari hizi zinatuhusu nini sisi wa Usambara na pwani ya Tanga, ambako fundi hukaa barazani na cherehani yake na mteja huja na kitenge chake mkononi. Jibu langu limo katika picha moja tu kati ya zile zilizoonyeshwa, ambayo ni mali ya makumbusho yenyewe: Mtakatifu Casilda, iliyochorwa na Francisco de Zurbarán baina ya mwaka 1630 na 1635.

Casilda, kama masimulizi ya Kanisa la Hispania yanavyoeleza, alikuwa binti wa mtawala Mwislamu wa Toledo katika karne ya 11. Aliwahurumia wafungwa Wakristo waliokuwa katika magereza ya baba yake, akawapelekea mikate kwa siri, ameificha katika nguo yake. Siku moja alikamatwa njiani, akaamriwa aonyeshe alichobeba. Alipokunjua nguo, mikate ilikuwa imegeuka mawaridi. Baadaye akabatizwa, akaishi maisha ya upweke na sala hadi kufa. Masimulizi ya muujiza wa namna hii yanasimuliwa pia juu ya watakatifu wengine, wala sisi Walutheri hatudaiwi kuyasadiki. Lakini picha ipo, nayo inastahili kuangaliwa kwa makini.

Zurbarán amemchora mwanamwali akitembea, uso wake ameuelekeza kwetu, mikono yake imeinua pindo la gauni ambalo ndani yake yamo maua. Gauni lenyewe ndilo linalojaza picha. Ni hariri nzito, yenye mikunjo inayoonekana kana kwamba ukiigusa itatoa sauti, pamoja na mapambo ya vito. (Baba yake mchoraji alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, na yeyote aliyewahi kusimama duka la nguo pamoja na mzazi anayejua kazi yake ataelewa mtoto alijifunza wapi.) Wapo waliowalaumu watakatifu wa Zurbarán kwamba wanafanana mno na mabibi matajiri wa Seville. Wapo pia wataalamu waliodhani kwamba baadhi ya picha hizo zilikuwa kweli za mabibi hao, waliotaka kuchorwa kwa sura ya watakatifu wenye majina yao.

Lawama hiyo ni halali, lakini mimi naona kuna jambo zito zaidi ambalo halikusemwa. Binti wa sultani wa Toledo amevikwa hariri ya bibi Mkristo wa Seville, na hakuna anayeweza kumtambua kuwa ni mtoto wa Waislamu. Nyumba aliyozaliwa imefutwa. Na hilo lilifanyika katika nchi ambayo, miaka michache tu kabla ya picha ile, ilikuwa imekwisha kuwafukuza kwa nguvu watu wa asili yake.

Hapana budi tukumbuke habari hiyo kwa urefu kidogo. Granada, ngome ya mwisho ya Waislamu katika Hispania, ilianguka mwaka 1492. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 16 Waislamu wa Granada walilazimishwa kuchagua kati ya ubatizo na kuondoka. Wengi mno wakabatizwa, wakaitwa Wamorisko. Kwa hesabu ya Kanisa walikuwa Wakristo. Lakini wanawake wao waliendelea kuvaa mavazi ya mama zao na kujifunika shela, na nyumbani walisema Kiarabu. Mwaka 1526 Kaisari Charles wa Tano alitoa amri ya kuyakataza hayo. Wamorisko wakalipa fedha nyingi, na amri ikawekwa kando kwa miaka arobaini. Muda ulipokwisha, mwanawe, Philip wa Pili, yule yule wa mavazi meusi, alitangaza mwanzoni mwa mwaka 1567 kwamba mavazi ya Kimorisko, shela, lugha ya Kiarabu na desturi nyingine kadha wa kadha ni marufuku.

Mzee mmoja wa Kimorisko, Francisco Núñez Muley, Mkristo aliyekuwa amefanya kazi katika nyumba ya Askofu Mkuu wa Granada tangu ujana wake, aliandika waraka wa kuwasihi watawala. Ningependa kila mwanafunzi wa theolojia katika pwani hii aujue. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba vazi ni la nchi, si la dini: kila jimbo la Hispania lina mavazi yake, wala hakuna anayesema kwamba watu wa jimbo fulani si Wakristo kwa kuwa wamevaa tofauti na wengine. Alieleza kwamba Wakristo wa Shamu na Misri huvaa kama Waislamu wa nchi hizo na husema Kiarabu, na bado ni Wakristo. Hoja yake ya pili ilikuwa ya mfukoni. Mwanamke maskini mwenye nguo moja nzuri aliyoipata kwa arusi yake au kwa urithi akiambiwa aitupe, atapata wapi fedha ya kununua nyingine ya Kikastilia? Núñez Muley aliona kwamba amri iliyotolewa kwa jina la imani ingeangukia mabegani mwa mafukara kwanza.

Hakusikilizwa. Mwishoni mwa mwaka 1568 Wamorisko waliasi katika milima ya Alpujarras, na vita vilivyofuata havikwisha hadi mwaka 1571. Baina ya mwaka 1609 na 1614 Wamorisko wa Hispania nzima, wapatao laki tatu, wakafukuzwa nchini, watu ambao wazazi wa wazazi wao walikuwa wamebatizwa. Miongoni mwao walikuwamo wafumaji na wakulima wa hariri. Takriban miaka ishirini baadaye Zurbarán alimchora Casilda.

Haitupasi sisi Walutheri kuitazama habari hii kama aibu ya Wakatoliki peke yao. Kaisari yule yule Charles wa Tano ndiye aliyewalazimisha Waprotestanti wa Ujerumani, mwaka 1548, wakubali mapatano yaliyorudisha desturi nyingi za zamani. Katika Saksonia, wakati wa kutafuta njia ya katikati, mavazi ya ibada yalikuwa mojawapo ya mambo yaliyogombaniwa. Melanchthon aliona kwamba mambo ya kati, yaani yale ambayo Neno la Mungu halikuyaamuru wala kuyakataza, yanaweza kukubaliwa kwa ajili ya amani. Flacius alikataa katakata. Fungu la kumi la Fomula ya Mapatano ya mwaka 1577, ambalo tunawafundisha wanafunzi wetu kila mwaka, lilizaliwa katika ugomvi huo. Linasema kwa maana hii: Kanisa lina uhuru katika mambo kama hayo, lakini likishurutishwa na adui wa Injili, uhuru huo huo unalidai lisikubali. Vazi ambalo jana lilikuwa kitu kidogo, leo laweza kuwa ungamo. Wittenberg na Granada zilibanwa na nyumba moja ya kifalme, katika kizazi kimoja, na katika jambo la vazi. Sijawahi kuona kitabu chetu cha mafundisho kinachoziweka habari hizi mbili karibu karibu.

Sasa tuvuke bahari tuje kwetu. Miaka mia mbili na zaidi baada ya picha ya Zurbarán, binti mwingine wa sultani alibatizwa. Salme binti Said alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, na mama yake, Jilfidan, alikuwa suria mwenye asili ya Kichirkasi. Alijifunza kuandika kwa siri, na kwa sababu hiyo alifanywa mwandishi wa barua za njama wakati nduguye Barghash alipotaka kumpindua Majid mwaka 1859. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akafungishwa ndoa. Wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, naye akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya ugeni.

Kwa ubatizo ule alivua pia nguo za kwao. Wakati huo mwanamke wa nyumba ya Sultani hakuonekana na mwanamume wa nje bila barakoa. Ulaya alitakiwa aende uso wazi, amefungwa kiuno kwa mavazi ya Kizungu, akae mezani na wageni wanaume. Katika kitabu cha kumbukumbu zake, kilichotolewa Berlin mwaka 1886, ametenga sura nzima kuwaeleza Wajerumani mavazi ya wanawake wa Unguja, kwa uangalifu wa mtu anayekunja nguo za marehemu. Wala hakuficha kwamba alijiona amekuwa Mkristo hafifu na Mjerumani asiyekamilika. Mchungaji anayesoma maneno ya namna hiyo hana haki ya kuyapita haraka. Alibatizwa na kuozwa kwa siku moja, katika bandari ya kupitia tu, na maisha yake yote yanaonyesha kwamba aliyempa maji hakumpa muda wa kutosha wa mafundisho.

Picha zake zinazojulikana zaidi hazimwonyeshi katika mavazi ya Kizungu. Zilipigwa katika studio mjini Hamburg, na humo amevaa kanzu ya kifalme ya Unguja juu ya suruali ya marinda, pamoja na mapambo ya kichwani na shingoni. Lakini uso wake u wazi. Mavazi ni ya binti wa Sultani, ila lile ambalo lingemsitiri mbele ya macho ya mgeni halipo. Zurbarán alimvua Casilda asili yake ili awafae watazamaji wa Seville; kamera ya Hamburg ilimrudishia Salme asili yake ili awafae watazamaji wa Ulaya. Mmoja alifichwa alikotoka, mwingine hakuruhusiwa kuonekana kuwa ametoka huko. Nikiziweka picha hizi mbili pamoja, kama walivyofanya watu wa Madrid kwa nguo na rangi, naona swali moja limerudi mara mbili: mwongofu huvishwa kwa ajili ya nani?

Serikali ya Ujerumani nayo ilimtumia. Mwaka 1885 alirudishwa Unguja pamoja na manowari za Bismarck, madai yake ya urithi yakiwa fimbo ya kumtishia Barghash. Fimbo ilipokwisha kazi iliwekwa pembeni, naye akarudi Ulaya mikono mitupu. Miaka mitatu baadaye Kampuni ya Wajerumani ilipandisha bendera yake Pangani, na Abushiri na wenzake wakainuka. Abushiri alinyongwa huko huko Pangani mwezi Desemba 1889. Mwaka uliofuata wamisionari wa chama ambacho baadaye kilijulikana kama Bethel walianza kazi Tanga, na mwaka 1891 walifika Mlalo. Kanisa letu la Usambara lilifika kwa njia hiyo, na historia ya binti Said ni sehemu ya njia hiyo, ingawa hatumtaji katika sherehe zetu za jubilii.

Pwani waliyoikuta ilijua kusoma nguo. Mtumwa alivaa kaniki au merikani, kitambaa kisichotiwa rangi kilichopata jina lake kwa kuwa kilitoka Marekani. Kichwa kilikuwa wazi na miguu mitupu. Kanzu na kofia vilikuwa vya mwungwana. Baada ya amri ya mwaka 1897 ya kukomesha utumwa Unguja, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki na kuvaa kanga za rangi, na kila aliyewaona alielewa wanasema nini. Vivyo hivyo studio za picha, kama ile ya Gomes mjini Unguja, ziliwapa watu wa pwani kile ambacho mabibi wa Seville walikipata kwa mchoraji: nafasi ya kusimama katika nguo waliyotaka kukumbukwa nayo. Lakini si wote waliosimama pale walijichagulia. Picha nyingi ziligeuzwa kadi za posta, zikauzwa kwa wasafiri, na jina la aliyepigwa picha halikuandikwa.

Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, ambao walifika Magila, chini tu ya milima yetu ya Amani, katika miaka ya 1860, walikuwa na msimamo wa pekee. Hawakutaka waongofu wageuzwe Wazungu kwa mavazi. Wanafunzi na walimu wao walivaa kanzu, na kwa hiyo kijana aliyekombolewa utumwani alivaa vazi la yule aliyekuwa bwana wake. Kuna uzuri mkubwa katika jambo hilo, na Núñez Muley angelifurahia. Hata hivyo vijana wa baadaye walipotaka suruali na viatu, waliambiwa kwamba hayo hayawafai. Granada mtawala alikataza vazi la kale. Huku kwetu mmisionari alikataza vazi jipya. Kote kuwili aliyeamua hakuwa mvaaji.

Na sisi? Joho jeusi lenye vitambaa viwili vyeupe shingoni, ambalo wachungaji wengi wa Kilutheri walilipokea kutoka kwa Wajerumani kana kwamba Luther mwenyewe ndiye aliyelishona, liliamriwa na mfalme wa Prusia mwaka 1811, naye alilichukua katika mavazi ya wasomi. Luther hakuwa na haraka katika mambo hayo. Krismasi ya mwaka 1521 Karlstadt aliongoza Meza ya Bwana amevaa nguo za kawaida, na Luther aliporudi Wittenberg mwezi Machi 1522 aliwakemea waliotaka kuwaburuta wanyonge. Yeye mwenyewe aliendelea kuvaa vazi lake la utawa hadi Oktoba 1524, akaliacha wakati hakuna aliyemlazimisha. Simwambii mchungaji yeyote alivue joho lake. Nasema tu ajue limetoka wapi, kabla hajamwambia mama wa Kwaya kwamba kanga yake haifai madhabahuni.

Jambo linalonisumbua zaidi liko karibu kuliko Prusia. Katika sharika zetu nyingi, kijana anayemaliza mafundisho ya Kipaimara hutazamiwa kuja na nguo mpya: gauni jeupe kwa msichana, suti kwa mvulana, na viatu vya kufanana navyo. Hakuna katiba ya Kanisa iliyoagiza hivyo. Desturi imejiandika yenyewe, na picha ya siku hiyo hutundikwa sebuleni kwa miaka mingi. Wachungaji tunajua kwamba wapo wazazi wanaoomba mtoto asubiri mwaka mwingine, na sababu wanayoitoa ni ugonjwa au safari. Mzee wa Granada alikwisha kuieleza sababu ya kweli mwaka 1567. Mtume Paulo aliwaambia Wagalatia kwamba waliobatizwa wamemvaa Kristo. Yakobo naye aliwaonya wale waliompa kiti mwenye mavazi mazuri na kumwacha maskini asimame. Usharika ukiamua kwamba vijana wote wa Kipaimara watavaa kanzu nyeupe za usharika wenyewe, zilizoshonwa mara moja na kutunzwa kabatini kwa ajili ya wale wa mwaka ujao, haki itakuwa imetendeka, na fundi wa sokoni Muheza atakuwa amepata kazi. Baraza la Wazee linaweza kulipitisha hilo katika kikao kimoja.

Katika picha ya Madrid, mikono ya Casilda bado imeshika pindo. Wageni wa mwaka 2019 walionyeshwa mkunjo wa hariri na jinsi Balenciaga alivyouelewa, nao ulistahili kuonyeshwa. Hata hivyo mkunjo ule, kwa mujibu wa masimulizi, ulikuwapo kwa sababu ndani yake kulikuwa na mikate ya wafungwa.

Salme aliishi miaka mingi Beirut, akarudi Ujerumani, akafariki Jena mwezi Februari 1924. Jumba la Makumbusho la Unguja lilipofunguliwa mwaka 1994 katika lililokuwa kasri la masultani, picha zake zilipata mahali pake katika nchi ya baba yake. Majivu yake yalizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, kando ya mumewe, pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameutunza.